Daftari la Misiba na Mfalme wa Kituruki

Nilikwenda Houston kwa sababu mwenzangu kazini anaogopa barabara kubwa. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu, na ni ya kweli. Sababu ya pili ni kwamba nilikuwa naikimbia simu yangu, na hiyo sikumwambia mtu.

Nianze na ya kwanza. Gulnora ni mama wa Kiuzbeki mwenye miaka hamsini na ushei. Tunafanya kazi pamoja katika nyumba ya kutunzia wazee huku Lewisville, kaskazini ya Dallas. Ni mfupi, ana sauti ya mwalimu wa zamu, na mzee yeyote akigoma kumeza dawa tunamwita yeye. Gari anaendesha, lakini vichochoroni tu. Akiona njia ya kupandia barabara kuu, anageuza. Jumatano moja tukila mchana aliniambia kwamba watu wa Houston wanaozungumza lugha za Kituruki, yaani Waturuki wenyewe, Wauzbeki, Wakazaki na ndugu zao wengine, wamemwalika akawasomee mashairi ya kale.

"Mashairi ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kumfundisha mfalme adabu," akajibu, akaendelea na supu yake.

Yalitungwa karibu miaka elfu moja iliyopita huko Asia ya Kati, akanieleza baadaye, na mtunzi akampelekea mtawala wake mkono kwa mkono. Ni maelfu ya beti juu ya namna ya kutawala kwa haki. Marehemu baba yake Gulnora, aliyekuwa mwalimu wa shule, alinakili beti nyingi katika daftari la kawaida na kumkaririsha binti yake tangu akiwa mdogo. Tangu baba afariki Gulnora hajawahi kuyasoma mbele za watu. "Nitafutie basi," akaniambia. Nikamwambia basi la nini na mimi ninalo gari.

Sasa sababu ya pili. Mimi ni mwenyekiti wa umoja wetu wa misiba. Tumo Watanzania, Wakenya na Wakongomani, kuanzia Arlington ninakokaa hadi Haltom City, na kinachotuunganisha ni Kiswahili pamoja na woga wa kufiwa ugenini bila watu. Mmoja wetu akifiwa, hata kama maziko yako nyumbani Afrika, umoja huenda kwake. Tunapika, tunapanga viti, tunaomba kila mtu kwa dini yake. Lakini kuna wakati watu walianza kutegea. Walituma vikatuni vya kulia kwenye kundi la simu, basi, wamemaliza kuhani. Ndipo mimi na kiherehere changu nikapendekeza sheria: kila msiba kuwe na daftari mlangoni, kila aliyefika aandike jina lake, na atakayekosa misiba mitatu mfululizo, siku akifiwa yeye umoja hauendi. Nilipigiwa makofi. Kichwa kilivimba, siwafichi.

Mama Neema ni Mkongomani wa Bukavu, anakaa Haltom City na wanawe watatu. Anafanya kazi kwenye ghala la bidhaa, zamu ya usiku, Ijumaa hadi Jumapili, siku zile zile tunazofanyia misiba yetu. Alikosa mitatu. Wiki ile ile ya mashairi ya Gulnora, mama yake mzazi akafariki Bukavu. Akapanga watu wakae naye Jumapili saa kumi jioni. Katibu wetu Otieno, Mkenya asiyejua mzaha kwenye mambo ya maandishi, akanipigia.

"Madam Chair, nime-check daftari. Jina yake haiko, mara tatu. Rules ni rules. Uta-send message kwa group ama niandike mimi? Watu wanauliza kama Sunday tunaenda ama hatuendi."

"Nitaandika mwenyewe," nikasema.

Sikuandika. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Nilijua kwamba umoja usipokwenda hakuna atakayekwenda hata peke yake, maana nani anataka kuonekana amevunja katiba? Mama Neema angekaa ndani na wanawe watatu wakitazamana. Nikatia daftari la misiba kwenye mkoba, ili nikiulizwa niseme nalichunguza. Mkoba nikaurusha kiti cha nyuma, nikaenda kumchukua Gulnora.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta amesimama nje ya jengo lao Lewisville na mifuko minne, kwa safari ya siku mbili. Mmoja ulikuwa wa mikate ya duara yenye muhuri wa maua katikati, ambayo aliioka usiku. Mwingine ulikuwa na daftari la baba yake, limefungwa kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Alifunga mkanda, akashika kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili, akasema bismillahi. Nikaitikia. Tukapita katikati ya Dallas kabla jua halijakaza.

Nyinyi mlioko nyumbani, kutoka Dallas hadi Houston ni pungufu kidogo ya Dar hadi Dodoma, ila hapa hakuna wa kukuuzia mahindi dirishani. Mwanzoni ni tambarare, ng'ombe wamesimama mbalimbali kama waliogombana, mabango ya makanisa na ya mawakili. Kila lori lilipotupita Gulnora alifumba macho. Nikaona nimsaidie: "Soma basi nisikie, hutaona malori."

Akafungua kitambaa. Akasoma mishororo miwili miwili, kila miwili na kina chake, kwa mwendo wa farasi asiye na haraka. Sikuambulia neno hata moja. Lakini sisi pia tumelelewa na tenzi za kuusia, na sikio langu lilijua kwamba hapa mtu anaonywa kwa upole.

"Anasema nini?"

"Mfalme amekaa kwenye kigoda cha miguu mitatu. Waziri anashangaa, mbona hukai kwenye kiti cha kifalme? Mfalme anamwambia kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi, lakini mguu mmoja ukiinama, vyote vinakwenda chini na aliyekalia naye."

"Mafiga!" nikasema. Nikamweleza mawe yetu matatu ya kuinjikia chungu, kwamba hata ardhi ikiwa mbovu chungu kinatulia. Alifurahi mno. Aliachia kishikio kwa mara ya kwanza, akatoa kalamu, akaliandika neno hilo pembeni ya ukurasa wa baba yake.

Saa tatu tulisimama kwenye kituo cha mafuta, mojawapo ya vile vikubwa vya huku ambamo unaweza kununua kahawa, jiko la kuchomea nyama na viatu vya mvua bila kubadilisha foleni. Tukala mkate wake garini. Hapo ndipo alipofika kwenye beti ambazo, alisema, baba yake alikuwa akizirudia kila alipokuwa akisahihisha mitihani. Humo mfalme anaeleza kwamba akikata shauri hatazami aliye mbele yake ni nani. Awe mwanawe wa kumzaa, awe jamaa, awe mpita njia aliyeshuka kwenye punda asubuhi ile, kisheria kwake ni mmoja.

"Huyo," nikasema huku nikifuta makombo, "ningempa kazi kwenye umoja wetu."

Nikamweleza sheria yetu yote. Nilieleza kwa maringo, maana ni yangu. Nikamweleza na habari ya Mama Neema, nikisema inauma lakini sheria ndivyo ilivyo.

"Na wengine waliokosa mara tatu?"

"Wote sheria iliwashika."

"Wote?"

"Wote," nikasema, nikawasha gari.

Hapa sina budi kusema jambo nililolipitia pembeni hadi sasa. Nina mdogo wangu, Hamisi, anakaa Arlington. Mama yetu alifariki Hamisi akiwa darasa la tatu, nikamlea mimi. Nilimfulia sare, nilimkatia kucha, na ni mimi niliyehangaika hadi akaja huku. Hamisi naye alikosa misiba mitatu. Wa kwanza alikuwa kwenye mpira, wa pili amelala, wa tatu hata sikumuuliza. Nami, nikiwa nimekaa mlangoni na kalamu, nilimwandika. Mara zote tatu, kwa mkono wangu. Nilijiambia ni mtoto, atakuja kubadilika. Ana miaka thelathini na moja.

Kuna na lingine. Katika msiba wa pili kati ya ile aliyokosa Mama Neema, alimtuma binti yake na sufuria kubwa ya sombe, ndiyo kisamvu cha kwao, kimepikwa kwa mawese na samaki. Yule binti aliiweka jikoni akaondoka, hakujua habari ya daftari. Nilikula sombe ile sahani mbili. Kisha nikarudi mlangoni, nikalifunga daftari bila kuliandika jina la mama yake. Sufuria bado ilikuwa kwenye kabati langu la jikoni.

Baada ya kituo kile misonobari ilianza, mirefu, imebana barabara pande zote mbili, na hewa ikawa nzito. Gulnora aliendelea kusoma. Sikumwomba tena anifasirie.

Saa sita tuliingia Houston, mji usiojua kuisha. Barabara zinapanda juu ya barabara nyingine, na Gulnora alisoma kila dua anayoijua. Mwenyeji wetu alikuwa Aygul, mama wa Kikazaki mrefu mwenye kicheko cha karibu, nyumba yake ni magharibi ya mji. Alikuwa ameondoa viti vyote sebuleni, ametandika magodoro membamba ya rangi kuzunguka ukuta. Watu kama thelathini walikuwa wamekwisha fika, viatu vimejaa mlangoni kama msikitini. Nilijisikia nyumbani kidogo. Kwa adabu ya kwetu nikakaa hapo hapo karibu na mlango, miguu nimeikunja, mgeni nisiye na makuu.

"Huyu ni nani?" Aygul akamuuliza Gulnora.

Gulnora angeweza kusema ni dereva wangu. Angeweza kusema tunafanya kazi pamoja. Alisema, kwa Kiingereza na kwa sauti ile ya mwalimu wa zamu: "Huyu ni kiongozi wa watu wake."

Basi nikashikwa mkono. Kumbe kwao mahali pa heshima ni pale mbali kabisa na mlango, na huwekwa mgeni mkubwa kuliko wote. Nilikataa, wakadhani ni unyenyekevu, wakazidi kunivuta. Mwanamume mwenye ndevu nyeupe alihama ili mimi nikae. Nikawekewa mito miwili mgongoni na bakuli la chai mkononi. Nikawa nimekaa pale na soksi zangu za kazini, watu wote wamenigeukia.

Saa tisa Gulnora alisimama. Alikuwa amevaa gauni la hariri lenye rangi zinazoingiliana. Akafungua kitambaa. Aliwaambia wenzake jambo, wakaitikia kwa vichwa. Aygul, aliyekaa ubavuni kwangu, akaninong'oneza kwa Kiingereza: "Anasema baba yake alifundisha kwamba maneno haya yalitungwa kwa ajili ya mtawala, kwa hiyo si vizuri kuyasoma hewani. Atamsomea aliyekaa hapo ulipo."

Akanisomea mimi.

Nawaambieni, sijawahi kusemwa na maneno nisiyoyaelewa nikayaelewa namna ile. Gulnora alinitazama usoni bila kupepesa, bila ukali, namna tunavyowatazama wazee wetu tukitaka wameze dawa. Aygul alinifasiria sikioni pole pole. Kwamba mfalme ana kitu kitamu upande mmoja kwa yule aliyedhulumiwa akaja kulia kwake, na kichungu upande wa pili kwa dhalimu. Kwamba mguu mmoja ukiinama vyote huanguka. Na zile beti za baba yake, mwana na mpita njia, jamaa na mgeni, ni mmoja. Nikayateremsha macho kwenye bakuli la chai. Nilihisi kila mtu pale anaona kilichoandikwa kwenye daftari langu, na daftari lilikuwa garini.

Alipomaliza, yule mzee wa ndevu nyeupe alikuwa anafuta machozi kwa kiganja. Gulnora mwenyewe alicheka, akalia, akafunga daftari la baba yake.

Kikaletwa chakula. Wanaita palov, na nyinyi mkikiona mtasema pilau, na mtakuwa sawa, ila wao hutia karoti nyingi na hawajui iliki. Siku nyingine ningeanzisha ubishi. Siku hiyo nilizungusha kijiko tu.

"Hakijakupendeza?" Aygul akauliza.

"Kizuri sana. Nimeshiba."

"Hujala."

Nikatia kijiko kimoja mdomoni, naye hakuniuliza tena, Mungu ambariki.

Jua likiwa bado liko juu nilimfuata Gulnora jikoni, alipokuwa ameshavamia vyombo vya watu. Nikachukua kitambaa nikawa namkaushia. Nikamwambia yote: Hamisi, misiba mitatu, sombe, sufuria. Alisuuza sahani tatu, macho yake kwenye maji.

"Umekasirika?" nikamuuliza.

"Nahesabu beti," akasema. "Unajua ni ndefu kiasi gani? Maelfu. Mtu hawezi kuandika kitabu kirefu namna ile kwa mfalme ambaye tayari anajua."

Nikacheka, na katika kucheka machozi yakanitoka. Nikamwambia basi dawa ninayo: nitamsamehe Mama Neema naye, kimya kimya, nimwandike zile mara tatu, mambo yaishe. Gulnora akafunga bomba.

"Hiyo itakuwa zawadi kutoka kwako," akasema. "Yeye hakukuomba zawadi. Alileta chakula."

Usiku huo nililala kwenye godoro jembamba, mahali pale pale pa heshima. Sijui kama nilisinzia.

Jumapili saa mbili asubuhi tuliagana na Aygul. Alitupakia palov kwenye vyombo viwili vikubwa, kwani kwao pia mgeni haondoki mikono mitupu. Tulikwenda hadi kwenye ile misonobari. Nilisimama kituo kile kile cha jana, nikampigia Hamisi nikiwa nje ya gari. Nilimweleza ninachotaka kufanya.

"Dada, please," akasema. "Uki-post hivyo nitaonekanaje? Watu wote wa kazini kwangu wako kwenye lile group."

"Wataona na mimi nimekosa. Mkono ulioandika ni wangu."

"Si um-forgive tu na yeye kimya kimya? Problem solved. Nani ata-check?"

Lilikuwa wazo langu mwenyewe la jana, neno kwa neno, na mdomoni mwake lilinuka. "Hamisi, yule mama amefiwa na mama yake. Wewe unajua hiyo ni nini."

Kisha akasema, kwa sauti ndogo ya yule mtoto wa darasa la tatu, "Dada, unanivua nguo mbele za watu." Akakata simu.

Nililia pale penye maegesho, mama mzima, malori yanapita. Huyu ndiye mtoto niliyemlea. Nilikuwa naichukua aibu yake yote niliyomtunzia, naiweka barabarani. Gulnora alishuka, akaniletea kahawa na paketi ya bisi, akasimama kando yangu. Kisha nikaandika, na safari hii sikufuta:

"Ndugu zangu, Hamisi mdogo wangu alikosa misiba mitatu. Mimi nilimwandika kwamba alikuwepo, naye hakuwepo. Mama Neema alikosa mitatu akiwa kazini, na katika mmojawapo alituletea chakula tukala, mimi nikamhesabu hayupo. Sheria nimeivunja mimi niliyeileta. Naweka uenyekiti chini mpaka kikao kinihukumu. Kuhusu Mama Neema, amueni nyinyi, mimi sina mdomo tena. Leo saa kumi nitakuwa kwake kama jirani."

Kutoka hapo hadi karibu na Dallas simu haikulia hata mara moja. Nilikuwa nimeizoea ikilia, na ukimya ule ulinitisha. Mwishowe akapiga Otieno.

"Madam Chair... sijui kama naweza kukuita hivyo. Umeji-report mwenyewe?"

"Nimejiripoti."

"Hii ni serious. Kikao lazima ikae."

"Ikae. Nitakuja."

"Eh." Akakohoa. "Hiyo sombe nakumbuka. Nilikula pia."

Tulipita Arlington, nikaingia kwangu mara moja kuchukua sufuria ya Mama Neema. Nilihamishia palov ya Houston humo, kwa sababu kwetu sufuria ya mtu hairudi tupu, na kwa Gulnora pia, kumbe. Nilitaka nimrudishe kwake Lewisville kwanza, akakataa katakata. Nyumba yenye msiba haipitwi, alisema, na hakuna aliyemzuia.

Saa kumi kasoro tulifika Haltom City. Mama Neema anakaa ghorofa ya pili, ngazi za nje. Nilipofika juu na sufuria mikononi, nikakuta meza ndogo nje ya mlango wake. Juu yake kulikuwa na daftari la shule la mtoto, limefunguliwa ukurasa mweupe, limepigwa mistari kwa rula, na kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee. Hapakuwa na jina hata moja.

Nilisimama mbele ya lile daftari muda mrefu. Kisha nikampa Gulnora sufuria, nikaandika jina langu kwenye mstari wa kwanza. Gulnora naye akaandika la kwake.

Ndani Mama Neema alikuwa amekaa mkekani na wanawe, kitenge kimefungwa kiunoni, picha ya mama yake imewekwa kwenye kiti. Aliinua macho.

"Dada Rehema. Niliwaza hamutakuya. Lakini daftari niliweka, juu mulisema ni sheria."

Nikapiga magoti, nikaanza kumweleza: Hamisi, mkono wangu, sombe, ujumbe nilioutuma. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu kwenye misonobari. Alinisikiliza kidogo, kisha akaniwekea mkono mdomoni, si kwa ukali.

"Mama yangu amekufwa, dada. Na wewe unaniletea mambo ya daftari? Ikala kwanza. Tulie. Ile ingine tutasema kesho."

Nikakaa. Tukalia. Gulnora hakuelewa neno, akalia kuliko sote, nadhani na baba yake alimlilia humo humo.

Niwaambie haraka yaliyofuata, ili mjue. Mwezi uliofuata kikao kilikaa na kunivua uenyekiti, na nilinyoosha mkono kukubali. Sheria yangu hawakuifuta, waliirekebisha: aliye kazini atoe taarifa, na sufuria iliyotumwa ni mtu aliyefika. Mama Neema mwenyewe ndiye aliyependekeza hilo la sufuria. Mimi nilijifunza nililojifunza nikiwa nimekaa mbali na mlango, nimeegemea mito ya watu: nilikuwa najiona mkali wa haki kwa sababu ukali wangu ulikuwa unawaangukia watu nisiowafulia sare. Bado ninampenda mdogo wangu kuliko sheria yoyote, na ndiyo maana sifai kushika kalamu ya mlangoni.

Lakini jioni ile tulikuwa bado hatuyajui hayo. Kiasi cha saa kumi na nusu tulisikia vishindo kwenye ngazi. Otieno, na viti vya kukunja mabegani. "Kikao bado," akasema kabla sijamuuliza, "lakini viti ni viti." Nyuma yake wakaja wawili, kisha watano, kisha chumba kikajaa na wengine wakasimama nje ngazini. Kila aliyefika aliinama kwanza mezani akaandika. Palov ikapashwa moto, watu wakauliza nani amepika pilau bila iliki.

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango nilipomwona Hamisi anapanda. Alikuwa amevaa shati jeupe alilolipiga pasi vibaya. Alipita katikati ya watu waliokwisha kusoma ujumbe wangu, wakampisha. Akasimama mbele ya meza. Alinitazama kama alivyozoea kunitazama tangu utotoni, akingoja nifanye kitu. Nikabaki nimekaa, mikono mapajani.

Hamisi akaokota kalamu kwenye uzi wake, akainama, akaandika jina lake mwenyewe.